Jina Lilitoka, na Rangi Nayo Ikatoka: Kulitunza Gari Jipya Uani kwa Mikono Yetu

Mtoto wa ndugu yangu alikuwa ndiyo kwanza ajue kuandika jina lake. Akaliandika ukutani, akakatazwa. Akaliandika kwenye mchanga wa uani, kuku wakalifuta. Hatimaye akaliandika mahali ambapo halikufutika: juu ya boneti ya gari la mama yake, kwa ncha ya kidole, katika vumbi la wiki nzima. Jioni mama mtu alipolimwagia gari maji, vumbi liliondoka na jina likabaki. Herufi tano zilikaa juu ya rangi ya samawati iliyokoza, zikionekana kila jua linapoinama.

Haya yalitokea Gachoka, kusini ya mji wa Embu, katika nchi ya Wambeere. Wengi wetu wa Pwani nchi hii tunaijua kwa muguka tu, unaoteremshwa kila siku hadi Mombasa na kutuletea mijadala isiyokwisha. Lakini Gachoka ni zaidi ya hayo. Ni nchi ya jua kali, ya pojo na mtama, ya njia za udongo zinazotimka vumbi tangu mvua za masika zikatike hadi zile za Oktoba zirejee. Ndugu yangu, mzaliwa wa Mombasa, alipelekwa huko kwa kazi ya uuguzi, na kwa miaka minne aliweka akiba katika chama cha akina mama mpaka akapata gari.

Tunaposema gari jipya, tuelewane. Kwa familia nyingi za Kenya gari jipya ni lile lililotumika Japani, likapakiwa melini na kuteremshwa katika bandari ya Mombasa. Sheria yetu hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa hiyo wengi hununua la miaka sita au saba. Kwetu ni jipya, ila rangi yake imeshapigwa jua na kuoshwa mara nyingi na watu tusiowajua. Jambo hili ndugu yangu hakulifikiri, wala mimi sikulifikiri.

Alichofikiri ni kuliondoa lile jina. Akalipeleka mahali pa kuoshea magari, katika mji mmoja wa njiani ambao sitautaja. Kijana akamwambia, "Mama, hii ni kazi ya dakika kumi." Akatoa mashine ya kung'arisha, akapaka dawa nzito yenye chengachenga, akaikandamiza juu ya boneti. Jina lilitoka, na rangi nayo ikatoka. Pale ukingoni mwa boneti, penye mkunjo wa bati, palibaki baka jeupe lenye upana wa vidole viwili. Fundi wa rangi aliyeonyeshwa baadaye alisema hakuna dawa ya kulirudisha, ila kupaka boneti nzima upya.

Alinipigia simu usiku huo. "Dada, nimeliharibu gari langu kwa kutaka kulipendezesha." Maneno hayo ndiyo yaliyonituma nijifunze, na niliyojifunza nayaweka mbele yenu, akina mama na akina baba, kwa sababu kosa lile linaweza kumfika yeyote kati yetu.

Rangi ni nini hasa?

Tukilitazama gari tunadhani rangi ni kitu kimoja kilichomiminwa juu ya bati. Sivyo. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake tabaka la kusawazisha, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu ya yote tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Mng'ao wote wa gari unatoka katika klia, nayo ndiyo inayoizuilia rangi isipauke kwa jua.

Matabaka yote hayo yakijumlishwa pamoja, yakiwa ya kiwandani, aghalabu hayazidi sehemu 100 hadi 150 za elfu ya milimita. Chukua karatasi moja ya kupigia chapa, uishike kwa vidole viwili: huo ndio unene wenyewe, au pamoja na nusu yake. Klia peke yake ni kiasi cha sehemu 35 hadi 50 tu, wembamba usiozidi nusu ya karatasi hiyo. Na penye kingo na mikunjo ya bati rangi huwa nyembamba zaidi. Ndiyo maana ndugu yangu alipatwa na msiba pale pale ukingoni.

Sasa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Polishi na nta si kitu kimoja. Polishi hukata: ndani yake mna chembe laini sana zinazoikwangua klia mpaka kina cha mkwaruzo kifikiwe, na mkwaruzo usionekane tena. Nta haikati kitu. Hukaa juu, ikafanya ngozi nyingine ya kupokea jua, vumbi na maji kwa niaba ya klia. Kila upigapo polishi umetoa kidogo katika akiba isiyoongezeka. Kila upakapo nta umeiwekea akiba hiyo mlinzi. Mwenye kuelewa tofauti hii amekwisha kuelewa nusu ya kazi, na atapiga polishi mara chache sana na kupaka nta mara nyingi.

Adui wa bara na adui wa pwani

Gachoka adui ni vumbi. Vumbi la barabara ya udongo si unga laini kama linavyoonekana, bali ndani yake mna chembe za mchanga na mawe yaliyosagika. Ukipitisha kidole, kanga kuukuu au kitambaa kikavu juu yake, umepitisha msasa. Jina la mwanetu halikuandikwa na kidole, liliandikwa na chembe zilizokuwa chini ya kidole. Basi sharti la kwanza ni hili: gari lenye vumbi halipanguswi likiwa kavu, hata kwa kitambaa cha hariri.

Kwetu Pwani adui ni chumvi na unyevu. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo ikikutana na mahali rangi ilipochubuka mpaka bati, kutu huanza na kutambaa chini ya rangi. Mwenye kulaza gari karibu na bahari alisuuze mara kwa mara kwa maji baridi, na asisahau sehemu za chini na ndani ya viganja vya magurudumu, ambako nta haifiki.

Kisha wako maadui wa pande zote mbili: jua, utomvu wa miti, na kinyesi cha ndege. Kunguru wa Mombasa na ndege wa Mbeere hawana tofauti katika hili. Kinyesi kina asidi, na juu ya bati lililochomwa na jua kinaweza kuila klia katika muda wa saa chache. Weka garini chupa ya maji na kitambaa safi. Kilowe kitambaa, kilaze juu ya uchafu kwa dakika chache ulainike, kisha uunyanyue. Usiusugue.

Kuosha bila kukwaruza

Mikwaruzo mingi haitoki barabarani, hutoka katika kuosha. Ile mistari ya duara iliyosokotana kama utando wa buibui, inayoonekana gari likiwa juani, imechorwa na vitambaa vichafu na madodoki magumu.

Osha asubuhi na mapema au jioni, gari likiwa kivulini na bati likiwa baridi. Tayarisha ndoo mbili. Ya kwanza iwe na maji na shampoo ya gari, ya pili maji matupu. Limwagie gari maji kwanza, kutoka juu kwenda chini, ili vumbi liondoke lenyewe. Kisha chovya kitambaa laini cha maikrofaiba katika ndoo ya sabuni, osha sehemu moja kwa mkono mwepesi, na kabla ya kukirudisha katika sabuni kisuuze katika ndoo ya maji matupu ili mchanga ubaki humo. Anza na paa, halafu vioo, boneti na milango. Sehemu za chini ziwe mwisho, na magurudumu yawe na kitambaa chao pekee. Kitambaa kikianguka chini kimekwisha kazi kwa siku hiyo. Kausha kwa kitambaa kingine kikubwa, kwa kukilaza na kukivuta polepole, kwani maji yakikaukia juani huacha madoa ya chokaa.

Sabuni ya unga na ile ya vyombo tuziache jikoni. Zimetengenezwa kuondoa mafuta, nazo huiondoa nta pamoja na uchafu.

Wala si lazima kutumia maji mengi. Gachoka maji ni tunu, na mwanamke aliyeyabeba mgongoni hatazami kwa jicho zuri anayeyamwaga kwa mpira. Ndugu yangu humaliza gari zima kwa madumu mawili ya lita 20, na maji ya ndoo ya pili huyamwagia miche ya mipapai. Sisi tuliofunzwa chuoni kwamba maji hayafujwi hata ukiwa ukingoni mwa mto, hatuna udhuru wa kufanya kinyume.

Kabla ya polishi, uliza kama inahitajika

Gari likishakauka, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Ukihisi chengachenga, ni uchafu ulioganda ambao sabuni haikuuondoa. Huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofinyangika kama ngano iliyokandwa. Lowesha bati kwa maji yenye shampoo, teleza na kipande cha udongo bila kukandamiza, na kila ukichafuka ukunje upate upande safi. Ukianguka chini, utupe.

Sasa tazama mikwaruzo. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo kwa wepesi. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo umezama, na polishi haitauondoa isipokuwa kwa hatari. Uache, au umwonyeshe fundi wa rangi. Ukucha usiponasa, polishi laini ya mkono yaweza kuufifisha.

Kwa kazi ya nyumbani mashine haihitajiki, na kwa asiyefunzwa haifai. Chukua polishi iliyo laini kuliko zote dukani. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana sana, chini ya mlango kwa mfano. Weka matone machache yenye ukubwa wa punje ya mbaazi juu ya sponji laini, na fanya sehemu isiyozidi ukubwa wa sinia. Sugua kwa mkono wa wastani mpaka polishi ibaki utando mwembamba, kisha futa kwa kitambaa safi na utazame. Penye kingo na mikunjo pita kwa wepesi, au pakinge kwa utepe wa karatasi wanaoutumia wapaka rangi. Mkwaruzo ukififia nusu, shukuru na uache. Tamaa ya kuumaliza wote ndiyo iliyotufikisha tulipofika.

Gari ambalo rangi yake bado ni nzuri halihitaji polishi kabisa. Lioshe, lipitishie udongo, ulipake nta.

Kupaka nta

Nta maarufu kuliko zote hutoka katika majani ya mti wa jamii ya minazi na mikindu, uitwao karnauba, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Katika nchi ile ya ukame mti hujifunika kwa nta ili jua lisiufyonze unyevu wake. Kinachoukinga mti na kiangazi cha Brazili ndicho tunachokiazima kulikinga gari na kiangazi cha Mbeere. Nta hii hudumu kiasi cha mwezi mmoja hadi mitatu, na chini ya jua kali huwahi kwisha. Ziko pia kinga za viwandani zinazoweza kukaa nusu mwaka. Kuna na zile ziitwazo seramiki, zikaazo mwaka au zaidi, ila huhitaji matayarisho makubwa na mkono uliofunzwa. Zikikaukia vibaya huwa shida kuziondoa, na hazizuii jiwe la barabarani.

Kupaka ni kazi nyepesi. Gari liwe safi, kavu na baridi. Tandaza nta kidogo sana kwa sponji, tabaka jembamba kiasi cha kuonekana kama ukungu. Nene haikingi zaidi, inachosha tu katika kuifuta. Subiri ikauke, jaribu kwa kidole, na ikitoka safi futa kwa maikrofaiba, ukigeuza upande wa kitambaa mara kwa mara. Usiipake juu ya plastiki nyeusi, kwani huacha weupe. Vitambaa vifuliwe peke yake kwa sabuni ya maji, bila dawa ya kulainishia nguo. Chupa zote ziwekwe mbali na watoto.

Utajuaje kwamba nta imekwisha? Mwagia maji. Yakijikusanya matone ya duara na kuteleza, mlinzi yupo. Yakitandaa na kukaa, ameondoka.

Mambo ya kuepukwa

Wako wanaopaka mafuta ya taa au dizeli ili gari ling'ae. Hung'aa siku moja, kisha mafuta yakadaka vumbi na kulishikilia. Wako wanaofuta mikwaruzo kwa dawa ya meno. Hiyo nayo ni polishi, ila polishi isiyopimwa kwa ajili ya klia. Na wako wanaolifunika turubai gari lenye vumbi. Upepo ukilitikisa turubai, vumbi lililo chini yake husugua usiku kucha.

Tusisahau harusi zetu. Gari la bibi harusi hubandikwa maua kwa gundi na utepe wa plastiki, likatembezwa mji mzima, na kesho yake likabanduliwa kwa kisu. Afadhali riboni zifungwe kwenye vioo vya pembeni na vishikio vya milango, boneti ipumzishwe. Gundi ikiwa imeshaganda, ilainishe kwa mafuta ya kupikia, ifute taratibu, kisha osha kwa shampoo na urudishe nta.

Na kwa aliyepakwa rangi upya gereji: rangi ya kiwandani huokwa kwa joto kali, na gari hutoka likiwa tayari. Rangi ya gereji aghalabu huhitaji mwezi mmoja hadi mitatu kupumua na kukauka mpaka ndani. Muulize fundi kabla ya kuipaka nta yoyote.

Mkono wa nyumba nzima

Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa wala nguvu nyingi. Hufanyika uani, kwa sitara, na mama anaweza kuifanya pamoja na wanawe. Na pale tunapopeleka gari kuoshwa, tuzungumze na vijana wetu kwa upole. Yule aliyeiharibu boneti hakuwa na ubaya moyoni. Alipewa mashine, hakupewa elimu, kama sisi tulivyonunua gari bila kuijua rangi yake. Tunaweza kumwambia kijana, "Mwanangu, mwaga maji kwanza, na leo tutumie kitambaa changu." Wengi husikia, na wengine hufurahi kufunzwa.

Ndugu yangu hajaipaka boneti upya. Fedha za chama zamu hii zimekwenda kwenye karo. Fundi alipapaka rangi kidogo pale penye baka ili kutu isiingie, na rafu ile bado inaonekana kwa anayeijua. Kila Jumamosi ya pili, baada ya alfajiri, gari huoshwa kwa madumu yale mawili, na kila miezi miwili hupakwa nta.

Mwanawe ndiye mshika ndoo ya pili. Nilipokwenda kuwatembelea alinikimbilia, akanishika mkono nilipotaka kuegemea mlango. "Mama mkubwa, usiguse, lina vumbi." Kisha akaingia ndani na kurudi na daftari lake. Ukurasa mzima ulikuwa na jina lake, mistari kumi na miwili, kwa penseli.